Kaseti ya Gemu Elfu Tisa na Kindi wa Bujonde

Enzi zetu mtu hakununua gemu akiwa amejilaza kwenye kochi, simu iko kifuani. Gemu ilifuatwa kwa miguu, ikabembelezwa bei mpaka mate yakakauka, na kwa upande wetu ilinunuliwa pia kwa msumari wa inchi sita. Hilo la msumari nitalifikia. Kaka yangu Gwakisa hapendi nilisimulie mbele ya watoto wake, lakini yeye yuko Mbeya na mimi ndiye ninayeandika.

Wenzangu mliokulia Kyela miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mnakumbuka. Tulikuwa tumetoka kwenye kufulia majani ya mpapai na kupanga foleni ya sukari, mara tukaamka maduka ya mjini yamejaa: sabuni za kila rangi, redio za kaseti, kandambili zinazonukia kama peremende, mitumba imemwagwa chini kama mpunga wa kuanika. Vingine vilishuka na malori kutoka Mbeya, vingine vilivuka Mto Songwe kutoka upande wa Malawi. Shangazi Bupe, dada yake baba, alikuwa akipeleka mchele Karonga, ng'ambo ya mto huo, ambako tuna ndugu wengi kuliko huku, na hakuwa mtu wa kurudi mikono mitupu. Safari moja alirudi na mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni, aliyobadilishana kwa nusu gunia la mchele. Alimkabidhi baba akisema, "Kaka, sasa hiyo televisheni yako itapata kazi."

Shangazi alikuwa na hoja. Baba alinunua televisheni baada ya msimu mzuri wa kakao, ndogo, nyeusi na nyeupe, ya kutumia betri ya gari. Umeme haukuwa umefika kijijini kwetu Bujonde, na mawimbi ya televisheni nayo hayakuwa yamefika, kwa hiyo ilichoonyesha ni chenga tu. Majirani walikuja kuziangalia hizo chenga, wakakaa kwenye mkeka kwa heshima zote, kisha wakaaga, "Ndaga fijo, ndaga," yaani asanteni sana, wakaenda zao. Mzee mmoja alidai kwamba ukitulia unaona mtu anapita kwa nyuma.

Mashine ilikuja na kaseti moja, na kaseti ilikuwa na gemu moja: pikipiki inaruka vilima. Mwezi wa kwanza tuliona tumefika mwisho wa maendeleo. Mwezi wa tatu Gwakisa aliweza kuirusha akiwa amefumba macho, na alituonyesha mara kwa mara bila kuombwa.

Mimi sikuziona hizo sarakasi zake, maana kazi yangu ilikuwa kushika waya. Waya uliotoka kwenye mashine kwenda nyuma ya televisheni ulikuwa umelegea, na usipobanwa kwa vidole viwili picha inaondoka. Gwakisa alikuwa na miaka kumi na mitatu, rafiki yake Ipyana kumi na miwili, mimi Tusekile kumi, tena msichana, basi kura ikaniangukia bila kupigwa. Nilikaa nyuma ya televisheni nikiangalia ukuta. Gemu niliijua kwa sauti. Nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja: kukaa mbele kama watu, pedi mikononi, nibonyeze mwenyewe, na mtu mwingine aangalie ukuta.

Gwakisa naye alitaka gemu mpya, ila hakutaka kutoa hela. Katika kubana matumizi sijaona mfano wake mpaka leo. Mjini kulikuwa na kibanda cha kuchezesha gemu kwa kulipia, na yeye alikwenda kila tulipopeleka betri kuchaji, akasimama nyuma ya wanaolipa, akaangalia saa nzima, akarudi na taarifa: ile nzuri, ile mbaya, ile ya ndege inachosha haraka. Picha ya kwenye kasha hakuiamini kabisa. Alisema imechorwa na mtu ambaye hajawahi kuicheza hiyo gemu, na nikitazama nyuma naona alikuwa sahihi.

Kanuni yake kubwa ilikuwa kwamba hununui kitu unachoweza kubadilishana. Watoto fulani wa Ikolo walikuwa na kaseti ya vifaru, wakakubali tubadilishane kwa wiki mbili, lakini kwa kuwa yetu ilikuwa imechoka wakataka tuweke na rehani juu. Gwakisa akaweka kuku wa mama. Mama alimtafuta yule kuku kwa siku nyingi na mwishowe akamlaumu kicheche, akamlaani kicheche yule asiye na hatia kila jioni wakati wa kufungia banda. Kumbe kuku huko Ikolo alikuwa anataga. Wiki mbili zilipoisha tulirudishiwa kuku bila mayai. Gwakisa akaenda kwa baiskeli kuyadai, akaambiwa na mama mwenye nyumba kwamba mayai yameliwa, yalikuwa matamu, na je, huyo kuku hawezi kurudi mwezi ujao? Baada ya hapo ndipo kaka alipokubali kwamba inabidi tununue yetu.

Gulio la Kasumulu, pale mpakani, lilikuwa na mchuuzi mmoja mwenye kofia ya pama aliyepanga kaseti za gemu katikati ya betri za tochi na vioo. Bei zake hazikuwa za mtoto mmoja. Gwakisa akaita kikao nyuma ya choo, akatangaza kwamba tutachanga watu watatu. Nikaona hapa ndipo pangu. Nikasema sichangi mpaka tukubaliane kwamba anayetoa theluthi anapata theluthi ya zamu, na waya tutashika kwa kupokezana. Wakatazamana. Walihitaji hela yangu, wakaapa.

Sasa hela. Kwetu, tunda la kakao lililotobolewa na kindi lilikuwa mali ya watoto. Kindi hutoboa, akala punje chache, akaenda zake, na mzazi hahesabu tena tunda lile. Mtoto anaokota, anatoa punje zilizobaki, anazikausha, anamuuzia mnunuzi wa barabarani, anapata hela ya daftari na ya kashata. Ndivyo ilivyokuwa shambani kwa kila mtu. Msimu ule kindi walitupendelea kupita kiasi. Mimi nilikuwa naokota matunda matatu, manne kwa siku. Gwakisa na Ipyana walijaza kikapu. Nilidhani wana macho makali, hadi wiki ya pili nilipomkuta kaka yangu amekumbatia mkakao kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia una ule msumari.

"Gwe, Tusekile," akaniambia bila kuona aibu, "unataka zamu, hutaki?"

Nilitaka. Sikusema neno, na dhambi hiyo ninaikiri hapa kwa mara ya kwanza.

Jumamosi tukaenda Kasumulu. Mchuuzi wa pama alitutolea kaseti mbili. Moja ilikuwa na gemu nne, ghali. Nyingine ilikuwa nusu ya bei hiyo, na juu yake imeandikwa kwa maandishi mekundu kwamba ina gemu 9999. Gwakisa akachuchumaa, akachukua kijiti, akapiga hesabu ya kugawanya kwenye vumbi watu wakimpita juu. Alipoinuka uso wake ulikuwa unang'aa. Kwa kaseti ile ya kwanza, alisema, kila gemu ingetugharimu kikapu cha kakao. Kwa hii ya pili, kila gemu haifiki hata punje moja. Tukicheza gemu moja kila siku, bila kuacha Jumapili, mimi nitaimaliza nikiwa na miaka thelathini na saba. Ipyana akauliza itakuwaje mmoja wetu akifa kabla, zamu zake atarithi nani. Tulilijadili jambo hilo kwa uzito njia nzima ya kurudi.

Mchuuzi alikuwa ametupa pia na neno la faraja: "Mkiichoka mnairudisha, mnaongeza kidogo, mnachukua nyingine. Sharti iwe safi."

Nyumbani tulipanga zamu: Gwakisa, Ipyana, halafu mimi. Kwa kuwa yangu ilikuwa ya tatu, nikaombwa nianze na waya. Nikaenda nyuma ya televisheni kwa mara ya mwisho, nilivyoamini. Nikasikia gemu ya kwanza, vifaru. Ya pili, ndege. Ya tatu, mpira. Ya nne, mtu anakusanya ndizi. Ya tano, pikipiki, ile ile yetu, nikasikia Ipyana anacheka. Ya sita, vifaru. Ya saba, ndege. Ya nane, mpira.

"Hizi ni za rangi nyingine," akasema Gwakisa.

"Televisheni haina rangi," akasema Ipyana.

Kaka yangu hakukata tamaa. Alisema mtu mwenye akili hapangi vitu vizuri juu, anaviweka chini, kama mwenye duka anavyoficha sukari. Kwa hiyo wakaanza kushuka, namba baada ya namba, kuzitafuta gemu mpya. Ya hamsini na nne, ndizi. Ya mia, pikipiki. Nilikuwa nabadilisha vidole, vya kulia vikichoka naweka vya kushoto. Walifika mia tatu na kitu, betri ikafa. Kwenye kaseti ya gemu elfu tisa kulikuwa na gemu tano, na mimi sikuwa nimeigusa hata moja.

Tukakubaliana kuirudisha gulio lijalo, tuongeze kidogo, tuchukue ile ya gemu nne. Lakini Jumatatu baba alitoka shambani akiwa na uso wa kufikiri. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyatoa mezani. Alikula wali na samaki wake taratibu, akanawa, akasema, "Mwaka huu tuna kindi wa ajabu. Hajui kupanda mti."

Akajipangusa mikono, akaendelea.

"Anatoboa matunda ya chini tu. Urefu wa kifua cha Gwakisa. Na matundu yake yote yana kipimo kimoja, kama ya fundi seremala. Nikimshika nitampa kazi."

Kesho yake akaanza kukagua, chini ya vitanda, juu ya dari, ndani ya debe la unga, akitafuta kile ambacho kindi huyo alikuwa amekinunua. Gwakisa akaona aifiche kaseti mahali ambapo baba hatatia mkono. Nyuma ya jiko kulikuwa na lundo la kakao mbichi lililovundikwa, limefunikwa majani ya migomba. Akaifukia katikati kabisa, akaja kututambia. Ninyi mnaotoka kwenye kakao mmeshashika kichwa. Kakao ikivundikwa inachemka yenyewe. Inatoa mvuke, inatoa maji makali kama siki, na ukiingiza mkono siku ya tatu unautoa haraka. Lakini kaka yangu kazi hiyo hakuijua. Yeye alikuwa mtu wa kuchuma. Kuvundika na kugeuza ilikuwa kazi ya mama na mimi.

Alhamisi mama akanituma nigeuze lundo. Nikafunua majani, nikachota, mkono ukagusa kitu cha pembe nne, cha moto, chenye utelezi. Nilipokitoa kilikuwa kinachuruzika. Ile karatasi ya juu yenye 9999 ilibanduka, ikabaki kidoleni mwangu.

Gwakisa alipoiona alikaa chini, tena kwenye matope. Ipyana akasema labda tuizike. Nililia, nasema kweli. Nililia kwa hasira, kwa sababu zamu yangu yote ilikuwa ndani ya lile dude. Kisha nikafuta machozi, nikafanya nilichokijua. Nikaisuuza kwa maji safi, nikaifungua kwa ncha ya kisu, nikaianika kwenye mkeka pamoja na kakao. Asubuhi naitoa, jua la saa sita naifunika isiungue, mchana naigeuza, mvua ikitishia naikusanya na punje nyingine. Gwakisa aliniuliza ni nani amewahi kuanika gemu. Nikamwambia nyamaza, wewe ndiye uliyeivundika.

Siku ya sita baba alikuja kupima kakao. Alipitisha mkono kwenye mkeka, akakamata punje akazivunja kusikia mlio, akakamata tena, akaibua kaseti. Akaigeuza huku na huku.

"Hii mbegu tumeipata wapi?"

Nikajikuta nasema, "Tata, theluthi yake ni yangu."

Nilimweleza yote, la kindi, la msumari, la Kasumulu, nikaacha la kuku tu kwa kumwonea mama huruma. Alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipofika kwenye gemu elfu tisa akauliza, "Zote zimo?" Nikasema, "Zimo tano." Akauliza, "Na moja mlikuwa nayo?" Nikasema ndiyo. Baba alianza kucheka mabegani, ikashuka tumboni, akaishia kukaa kwenye ukingo wa mkeka akifuta macho na shati.

"Basi kindi naye ametobolewa," akasema, na kwa sababu hiyo tu Gwakisa hakuchapwa. Alipalilia mikakao mpaka shule zilipofunguliwa, yeye na Ipyana, na hadi leo ukienda Bujonde wazee wanamwita Kindi.

Jumapili baada ya kanisa baba mwenyewe ndiye aliyesema tuiwashe, aone hela ya kakao yake ilikwenda wapi. Betri ilikuwa na chaji ya kubahatisha. Gwakisa aliunganisha kaseti, na mimi nikaenda kwenye waya, maana mtu hawezi kumtuma baba yake. Ikawaka! Sauti ilikuwa imekwama puani kidogo, na mashine ilipopata joto chumba kizima kilinuka siki, lakini vifaru vilitembea. Baba akasema, "Lete nione." Akapewa pedi.

Sijawahi kumsikia baba vile. Yule mtu wa maneno machache alipiga kelele kama mchunga ng'ombe. Alipinda na kifaru kushoto, akapinda kulia, mama akapigwa kiwiko. Alimtukana adui kwa Kinyakyusa safi. Kila alipokufa alisema, "Hapana, hapo sikuwa tayari," akaanza tena. Nyuma ya televisheni mimi nilikuwa nahesabu: huyu akimaliza, ni mimi, kwa sababu Gwakisa ameadhibiwa na Ipyana amerudi kwao. Hatimaye baba akahema, akaita, "Haya, Tusekile, zamu yako." Nikatoka nyuma ya televisheni, nikanyoosha mkono, nikaishika pedi ikiwa bado na jasho lake. Betri ikafa.

Nililia mbele ya kila mtu. Sikulia kwa adabu. Nililala kwenye mkeka nikalia kwa miguu na mikono, mtoto wa miaka kumi, na mama akasema niachwe.

Kesho yake baba aliamka mapema, akaifunga betri nyuma ya baiskeli, kazi ambayo hakuwahi kuifanya tangu tumepata nguvu za kuifanya, akaenda nayo mjini, akairudisha Jumanne imejaa. Akaniweka katikati ya mkeka. Gwakisa akaelekea kwenye waya, baba akamwambia, "Kaa." Akaenda mwenyewe. Mzee mzima, mwenye shamba lake, alikaa nyuma ya televisheni akiangalia ukuta, amebana waya kwa vidole viwili, akawa ananiuliza kila mara, "Umemuua? Umemuua?" Sikuwa nimemuua. Nilikuwa nakufa kila baada ya nusu dakika, na sijawahi kufurahi kama siku ile, kabla yake wala baada yake.

Baba hayupo tena. Nyumba ya Bujonde ina umeme, na ukutani kuna televisheni pana kama mlango. Mimi naishi mjini, na mwanangu ana miaka kumi na mitano na gemu mia na zaidi, zote za kweli, hakuna iliyojirudia. Naye anajua kubana matumizi, tena kuliko mjomba wake: anangoja bei ishuke, anabonyeza, ananunua kumi kwa bei ya moja. Nyingi hajazifungua. Juzi alikaa mbele ya orodha hiyo, akaipandisha, akaishusha, akaniambia hana kitu cha kucheza. Nilicheka peke yangu, hakujua kwa nini.

Nikamuuliza, "Zamu inayofuata ni ya nani?"

"Zamu gani, mama?"

Nikakaa kando yake nikamwambia basi anipe pedi ya pili, tucheze wote. Ana mashine hiyo mwaka wa pili sasa. Akainuka, akafungua droo, akanipa. Ilikuwa bado ndani ya nailoni yake.